Jiko Linalotembea

Simu ilimkuta Rosa Kiden juu ya daraja la Enyau, Arua ikibaki mgongoni, pikipiki ya Boxer ikinguruma chini yake, macho kwenye mkia wa lori.

Lori lilikuwa Fuso jeupe. Ubavuni lilichorwa jiko lenye mabawa, na chini yake maandishi ya kijani: JIKO KESHO. MOTO KIDOGO, MISITU MINGI.

"Kitendawili," ilisema sauti sikioni.

"Tega."

"Mama kiuno kinene, anakula makaa, anajitwika sufuria. Ana mimba, na mimba si ya bwana wake."

"Jiko lenye mzigo tumboni."

"Mzigo gani, Mchi?"

"Si ndiyo nakwenda kuangalia, Kinu?"

"Angalia kabla mzigo haujavuka Midia, pale mpakani. Ukivuka, watu wa ng'ambo watauawa kwa risasi zilizopita jikoni kwetu."

Simu ikakatika. Afande Saturnino, ndiye Kinu, mkuu wa Idara ya upelelezi pale Arua, hakuwa mtu wa kwaheri. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la mabati, na maagizo yake yote aliyatoa kwa vitendawili. Alisema adui anaweza kuvunja namba yoyote ya siri, lakini kitendawili cha watu wengine kitamlaza macho.

Rosa akaongeza mafuta.

Alikuwa mtoto wa Koboko, baba sajenti, babu sajenti. Yeye cheo chake hakikuvaliwa begani. Ukimwona barabarani ungemwona mama wa makamo, kitenge cha kawaida, kapu la ufuta limefungwa nyuma ya pikipiki. Chini ya ufuta kulikuwa na redio ya Motorola, pingu na Glock. Ufuta ulikuwa wa kweli. Akirudi atausaga.

Sasa sikiliza habari ya huyo mwenye lori.

Aliitwa Gauthier, na alijiita Injinia. Kwa nini asijiite? Jina halitozwi ushuru. Viatu vyake vilichongoka mbele kama mdomo wa korongo. Manukato yake yalifika mahali kabla yake na kuchelewa kuondoka. Alikuwa na karakana Arua, na kila mkutano wa wakubwa alikuwa mbele, akieleza jinsi alivyobuni jiko la kuokoa misitu ya West Nile.

Tuseme haki: jiko lenyewe lilikuwa zuri. Ndani udongo wa mfinyanzi, nje bati, na katikati ya udongo na bati nafasi ya vidole vitatu iliyojazwa majivu yaliyochungwa. Majivu yanazuia joto lisitoroke. Mkaa wa viganja viwili unaivisha maharage, na ubavu wa jiko unabaki baridi hata mtoto aguse. Kule Omugo, ambako wanawake wanafuata kuni mpaka jua linageuka, chombo kama hicho kikifika, mti unapumua na mgongo wa mwanamke unapumua.

Mtu mwenye akili aliitazama nafasi ile ya vidole vitatu akaona mahali pa kutunza moto.

Gauthier akaona mfuko.

Akatoa majivu katika baadhi ya majiko, akajaza risasi za bunduki, akafunika kwa bati. Polisi gani atapasua jiko la kuokoa misitu? Maboksi ya majiko hayo akayatia alama nyekundu. Yalikuwa ya wanunuzi wa Midia, kule mpakani.

Habari ya alama nyekundu ilitoka kwa Kahindo.

Kahindo alikuwa mwanamke wa Kongo, aliyekuja Arua na biashara ya vitenge. Biashara ikayumba, akawa mpishi wa karakana ya Gauthier. Alikuwa na mikono minene na mdomo usio na breki. Rosa alikula kwake mara moja, wakawa marafiki, na siku moja Kahindo akamnong'oneza.

"Dada Rosa, kuko majiko ya boksi nyekundu. Ile batu wa karakana hawaguse. Wanasema iko ya Midia. Jiko gani hiyo mutu anaogopa?"

"Baki pale," Rosa alimwambia. "Pika. Sikiliza."

"Na nikikufa?"

"Hutakufa. Mimi niko."

Neno dogo, limetoka mdomoni kama punje ya ufuta. Lakini Rosa hakuwa na tabia ya kutema neno na kuliacha chini. Na leo Kahindo alikuwa ndani ya lori lile lile, mmoja wa wapishi sita waliopelekwa Koboko kuonyesha uzuri wa Jiko Kesho mbele ya wakubwa.

Lori likaingia Koboko. Rosa akalipita polepole kama mtu anayewaza bei ya nyanya, akaketi kibandani, akaagiza chai. Majiko yalishushwa kwenye ghala nyuma ya soko. Wapishi wakaingia ghalani kwa makelele yao, wakatoka kila mmoja na jiko kichwani, wakaelekea uwanjani.

Siku ilikuwa Ijumaa. Mwadhini alipoita, walinzi wa ghala walinawa miguu na kwenda msikitini. Mlangoni likabaki kufuli.

Kufuli kwa Rosa ni pazia.

Ndani, maboksi yalipangwa makundi mawili. Mengi meupe. Pembeni, sita yenye alama nyekundu.

Rosa akatua kapu lake, akatoa kidude. Kilikuwa kidude cha Idara, kimeletwa kutoka Kampala ndani ya sanduku lenye sponji, rangi ya fedha, taa tatu. Kazi yake ilikuwa kunusa chuma kilichofichwa.

Akakiweka kwenye boksi jekundu. Kikalia.

Akakiweka kwenye boksi jeupe. Kikalia.

Kikalia kwenye bawaba za mlango. Kikalia kwenye zipu yake.

Rosa alikitazama kama anavyotazamwa mgeni aliyejamba mezani. Kimetumwa kutafuta chuma ndani ya bati! Aliyekibuni na Gauthier bila shaka walinyonya ziwa moja: wote wawili walitengeneza chombo bila kuuliza kitakaa wapi. Akakitupa ndani ya kapu.

Akatumia mikono. Akaliinua boksi jekundu.

Jepesi.

La pili. Jepesi.

Akapasua moja kwa kisu, akalitoa jiko, akang'oa bati la chini. Majivu yakamwagika, meupe, laini, yamechungwa vizuri.

Akashika redio.

"Kinu, hapa Mchi. Nimepasua mimba."

"Umeona nini?"

"Majivu."

"Sema tena."

"Majivu. Maboksi mekundu yote mepesi. Ni majiko mazuri kabisa, afande, ningempelekea mama yangu."

"Risasi hazina miguu, Mchi."

"Hazina."

"Basi nani amezibeba?"

Rosa akachuchumaa. Macho yake yakatembea.

Juu ya maboksi mekundu kulikuwa na alama za viganja. Nyeupe. Akagusa, akaonja. Unga wa muhogo.

Sakafuni, kwenye vumbi, kulikuwa na mikwaruzo. Mistari mifupi, inazunguka, inapinda, kama kuku aliyekatwa kichwa. Jiko lilikuwa limewekwa pale. Jiko lilikuwa limetembea.

Rosa akaisoma mikwaruzo ile mara moja.

Maana yeye ni mtoto wa Koboko. Alikulia kwenye enyasa, ugali mweusi wa muhogo na mtama, na enyasa si uji wa mgonjwa. Haukorogwi, unapigwa. Mwanamke anakaa kwenye kigoda, anabana chini kwa mguu, anashika mwiko kwa mikono miwili na kuusonga kama anagombana na mume. Mafiga matatu ya mawe yanavumilia. Jiko zito linavumilia. Jiko jepesi? Ukisonga mara mbili limehama. Ukisonga mara tatu, sufuria iko mlangoni.

Wapishi walikuja ghalani kuchukua majiko. Wakayajaribu, kama mpishi yeyote mwenye akili anavyojaribu. Meupe yote yakatembea. Wakafungua mekundu: mazito, yametulia kama ng'ombe aliyelala. Wakachukua mazito, na wakiwa watu wenye adabu, wakarudisha mepesi ndani ya maboksi matupu.

Na Gauthier, mbunifu mzima, alikuwa ametia alama kwenye boksi. Jiko lenyewe hana habari nalo. Ametia chapa nguo, ameacha mwili.

Sasa majiko sita yaliyojaa risasi yalikuwa uwanjani.

Yanawashwa.

"Wewe mama! Unatafuta nini hapa?"

Alikuwa Moris, dereva wa lori. Shingo nene, shati limebana, mkononi bastola ya Makarov.

Rosa hakusimama haraka. "Natafuta jiko, kijana yangu. Ile mzito."

"Hapa si duka. Inua mikono."

Rosa akainua mikono. Mkono wa kulia ulikuwa umejaa majivu.

Akayapuliza.

Majivu mazuri hayana mfano kwa kupenya. Moris akapiga kelele, akafyatua risasi moja kwenye dari, akapangusa macho kwa mkono wenye bastola kama mjinga. Rosa akamtwanga kichwani na Jiko Kesho.

Jiko jepesi, ndiyo. Si jepesi kiasi hicho.

Alipofungua macho, Moris alikuwa amefungwa kwa kamba za maboksi, na Rosa anamburuta kwenda choo cha nyuma.

"Wapishi nani aliwachagulia majiko?"

"Wao wenyewe! Wanawake kelele mingi, mimi nikawaacha."

"Wakachukua yapi?"

"Najua mimi? Jiko ni jiko!"

"Hapo ndipo mlipofia," alisema Rosa, akafunga mlango wa choo kwa nje.

Akarukia Boxer.

Uwanjani kulikuwa na mahema mawili, viti vya plastiki, spika kubwa kama kabati. Chini ya hema la kwanza wakubwa walijaa na soda zao, chini ya la pili wanawake wa Koboko na watoto wao. Mbele yao, juani, wanawake sita, majiko sita, sufuria sita. Maji yalikuwa yameshachemka. Unga ulikuwa unaingia.

Gauthier alikuwa na kipaza sauti. Suti ya bluu, kitambaa cha kijani mfukoni.

"Waheshimiwa! Bibi zetu walipika kwa mawe. Mawe! Leo tumekuja na sayansi. Nimekaa usiku na mchana kubuni jiko hili kwa ajili ya mama wa kijijini, mimi ninayemjua mama wa kijijini!"

Wakubwa wakapiga makofi. Wakubwa hupigia makofi chochote kinachosemwa kwenye spika. Ungewasomea bei ya nguruwe wangesimama.

Gauthier hakuwahi kuchemsha hata maji ya chai. Uliza karakana nzima. Siku moja Kahindo alimwachia sufuria aiangalie, akaiangalia, ikaungua akiwa anaiangalia.

Rosa alipenya hadi kwa Kahindo. Mwanamke alikuwa kwenye kigoda chake, mguu umekanyaga kitako cha jiko, anasonga, jasho linamtiririka, anacheka.

"Dada Rosa! Umekuja kukula bugali? Ona, leo jiko imetulia. Ile ya kwanza ilikuwa inatembeya kama mutu mulevi. Nikafungua boksi nyekundu, nikaona iko jiko tu, nikawaambia benzangu, tuchukue ile nzito, hii mingine iende kutembeya kwabo."

"Kahindo. Inachoma?"

"Hm! Inaniunguza magulu." Akavuta gauni, akaonyesha mguu. "Injinia anasema haichomi. Injinia hana magulu?"

Rosa aliweka mkono karibu na bati. Joto likampiga kiganja. Risasi zilikuwa upande wa pili wa bati lile, zimejipanga, zinaiva pamoja na ugali.

Akatazama uwanja. Watoto migongoni mwa mama zao. Sufuria za maji ya moto. Vijana wawili wa Gauthier wamesimama nyuma ya spika, mashati yamevimba kiunoni. Ukipiga kelele ya bomu hapa, watu watakanyagana kabla risasi ya kwanza haijalia. Na Kahindo yuko katikati, pale pale Rosa alipomweka.

*Hutakufa. Mimi niko.*

"Na sasa," Gauthier aliimba kwenye spika, "ajabu yenyewe! Moto unawaka ndani, lakini nje, baridi! Nani atakuja aguse?"

Rosa akafungua mdomo. Sauti ya binti wa sajenti haihitaji spika.

"Wewe mwenyewe, Injinia! Mwenye dawa anakunywa kwanza!"

Uwanja ukacheka. Mzee mmoja wa kofia akadakia: "Ee! Aguse mwenyewe!"

"Aguse! Aguse!" wanawake wakaitikia, wakigonga miiko kwenye sufuria.

Gauthier akatabasamu. Hili alikuwa amelifanya Arua mara nyingi, kwenye majiko ya majivu. Akaja kwa hatua za jogoo, akakunja mkono wa suti, akakibandika kiganja chake chote kwenye ubavu wa jiko la Kahindo, huku akiwatazama wapiga picha.

Sss.

Alipiga ukelele mwembamba, na spika ikautangaza mpaka sokoni.

Watu wakaangua kicheko. Gauthier hakucheka. Alitazama kiganja. Akatazama jiko. Ubavu unaochoma maana yake hakuna majivu. Na kama hakuna majivu...

Rosa aliiona hesabu hiyo ikipita usoni mwake mpaka mwisho. Uso ukawa mweupe kama muhogo uliomenywa.

Akatupa kipaza sauti. Akaruka sufuria. Akakimbia.

Kiatu kimoja kilichochongoka kikabaki kwenye vumbi. Vijana wake wawili walipomwona bosi anakimbia jiko, hawakuuliza swali. Wakamfuata, halafu wakampita.

"Jamani, injinia anakimbia jiko yake!" alisema yule mzee wa kofia, machozi ya kicheko yakimtoka.

Pa!

Lilikuwa jiko la mwisho kule pembeni. Sufuria ikaruka, ikatua ubavu, maji ya moto yakamwagika. Hakuna aliyecheka tena.

Rosa alikuwa tayari juu ya kigoda.

"Mama zangu, msikimbie! Nisikilizeni mimi, mtoto wa Sajenti Kiden! Ndani ya majiko iko risasi. Shusha sufuria. Mwaga mkaa. Pitisha mwiko kwenye masikio ya jiko, wawili wawili, na muende kwa shimo ya matofali! Wenye watoto, rudi nyuma!"

Nyuma ya uwanja wafyatua matofali walikuwa wamechimba shimo, na mvua ya wiki ile ilikuwa imelijaza maji mekundu.

Wanawake wa Koboko walimtazama nukta moja. Hawa ni mabinti na wajane wa wanajeshi. Wameona vita vinakuja, vinaenda, vinarudi kuchukua viatu vilivyosahauliwa. Wakawakimbilia wapishi. Sufuria zikashuka. Makaa yakamwagwa. Miiko ikapita masikioni. Jiko la kwanza likaondoka, mama wawili mbio mbio, gauni mdomoni. La pili. La tatu.

Na wakubwa? Wakubwa walikuwa chini ya viti vya plastiki. Mmoja alijifunika kwa bango la misitu.

Kahindo alikuwa peke yake. Mwenzake alikuwa ameondoka na mtoto mgongoni, na alifanya vizuri. Kahindo ameshamwaga mkaa, ameshapitisha mwiko, ameshika ncha moja, anatazama ncha nyingine.

Rosa akaishika.

"Twende."

Wakainua. Jiko lilikuwa zito kama dhambi. Wakaenda hatua za haraka, bati likitoa moshi katikati yao, ndani yake kitu kinatatarika kama mahindi yanayotaka kuwa bisi.

"Uliniambia sitakufa," Kahindo alihema.

"Umekufa?"

"Bado."

"Basi tembea."

Pa! Bati likapasuka upande wa Rosa. Kitu kikapita kwenye kitenge, kikatoboa, kikaenda zake. Mwiko ukayumba. Kahindo hakuachia. Mikono ile minene iliyosonga ugali wa karakana nzima ikakaza.

Wakafika ukingoni. Wakazungusha mara moja, wakaachia.

Maji yakafoka. Mvuke ukapanda. Jiko la sita likazama juu ya ndugu zake, likatoa mapovu, likanyamaza.

Kahindo aliketi chini kwenye matope. Akajipapasa kichwa, kifua, miguu.

"Zote ziko," alisema. "Dada Rosa, ukipata ile mutu aliyetengeneza hii kintu, umwambie jiko yake iko nzuri. Inakula mkaa kidogo, kweli. Lakini aweke mahali ya mguu! Bati kidogo tu hapa chini, mutu akanyage. Hiyo tu. Sasa aliweka risasi, hakuweka mahali ya mguu!"

"Nitamwambia," alisema Rosa. "Nakwenda kwake sasa hivi."

Gauthier alipita ghalani. Hofu haina mizani. Aligusa jiko moja, akadhani ni boksi moja tu lililochanganywa. Mlio wa kwanza wa risasi ulimkuta ameshafunga vioo vya Land Cruiser. Alimwita Moris, Moris hakuitika. Alikuta boksi jekundu moja limepasuliwa, hakuuliza kwa nini. Akabeba matano yaliyobaki kwa mikono yake, kwa mara ya kwanza maishani, na kwa kuwa hakuwahi kubeba jiko lolote, hakujua zito lina uzito gani.

Akaenda Midia kwa mwendo wa mwizi, kiatu kimoja.

"Kinu, hapa Mchi. Risasi ziko kwenye shimo la matofali. Panzi anakwenda mwenyewe kwa kunguru."

"Vijana wangu wako Midia tangu asubuhi. Wanaliwa na siafu."

"Waambie wavumilie. Wasitoke mpaka maboksi yafunguliwe."

"Kwa nini?"

"Afande, usiniharibie."

Wanunuzi walikuwa watatu, wamesimama katikati ya shamba la muhogo, bunduki mabegani, mpaka uko hatua chache nyuma yao. Rosa alizima Boxer mbali, akaingia kati ya mashina, akalala kwa tumbo. Siafu akamuuma, akamsamehe. Aliona kila kitu kupitia kidarubini cha Nikon.

Mkubwa wao, mrefu mwenye kovu kidevuni, alipasua boksi la kwanza. Akang'oa bati.

Majivu yakaanguka juu ya buti zake.

La pili. Majivu. La tatu, la nne, la tano. Upepo ukayachukua, ukawapaka wote watatu nyusi nyeupe.

"Hii ni nini?" aliuliza yule mrefu, taratibu.

Gauthier akatafuta neno. Neno lililopatikana lilikuwa moja tu.

"Ni... ni majivu ya kutunza joto."

"Ya nini?"

"Ya joto, mkubwa. Yanazuia joto lisipotee. Jiko hili linapunguza mkaa nusu nzima! Wallahi, nusu! Misitu—"

Kofi lilisikika mpaka kwenye siafu.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza Gauthier alisema kweli tupu kuhusu jiko lake, na akapigwa kwa ajili hiyo.

Yule mrefu aliteremsha bunduki begani. Gauthier akapiga magoti. Aliahidi majiko mengine. Aliahidi Land Cruiser. Aliahidi kiatu.

"Sasa," Rosa alisema kwenye redio.

Shamba la muhogo likasimama. Askari wa Saturnino walitokea pande zote, wamevimba uso kwa siafu na wana hasira ya mtu aliyelala juu ya siafu tangu asubuhi. Bunduki tatu zikaanguka chini zenyewe. Hakuna aliyelazimika kufyatua.

Gauthier hakuwangoja. Alimwona mwanamke wa kitenge kilichotoboka anakuja katikati ya mashina, akamkimbilia, mikono mbele, viganja juu. Kimoja kilikuwa na malengelenge makubwa kama mayai.

"Mama! Nifunge! Nifunge haraka, mama yangu!"

Rosa akamfunga. Pingu zilikuwa na ufuta kidogo.

Pumzi ziliporudi, kiburi nacho kikajaribu kurudi nyuma yake. Gauthier akanyoosha shati. "Nataka kujua kitu kimoja. Mpango ule haukuwa na kasoro. Nani amenisaliti? Ni Moris?"

"Moris yuko chooni."

"Basi nani?"

Rosa aliokota jiko moja kati ya yale matano, lile ambalo udongo wake haukupasuka. Akalikung'uta majivu, akaligeuza, akaliangalia pale chini. Nafasi ya bati dogo ilikuwepo. Fundi wa kuchomelea yeyote wa Arua angeliweka kabla ya chai.

"Kitendawili," alisema.

"Nini?"

"Injinia, unajibu 'tega'."

"Te... tega."

"Wako watatu, wanakula moto kila siku, hakuna aliyewahi kuwaona wakitembea. Wakihama wao, nyumba inalala na njaa."

Gauthier alifikiri. Alifikiri kwa bidii, uso wote umekunjamana, mtu aliyekaa usiku na mchana kwa ajili ya mama wa kijijini. Akawatazama wale wanunuzi watatu waliolazwa kifudifudi.

"Ni... wanajeshi?"

Askari mmoja aliyekuwa anajikuna siafu alicheka mpaka akashika magoti.

"Umeshindwa," alisema Rosa. "Nipe mji."

"Chukua... chukua Midia."

"Midia nimeshaichukua."

Akaweka jiko juu ya kapu, akalifunga kwa mpira, akalitikisa kuona kama linatembea. Lilitembea kidogo. Akaliongezea fundo.

"Na jibu?" Gauthier aliita nyuma yake. "Jibu ni nini?"

"Muulize bibi yako aliyepika kwa mawe," alisema Rosa, akapiga kiki. Boxer ikaitika mara moja. Koboko kulikuwa na sufuria tano za enyasa zilizoshushwa kabla ya kuiva, na Kahindo hakuwa mtu wa kungoja mgeni aliyechelewa.